Viti Vibichi

Katika nyumba ya Fundi wa viti hapakuwa na kiti cha maana. Vya plastiki vilikuwepo vinne, viwili vimefungwa miguu kwa waya, na benchi moja lililoegemezwa ukutani kwa sababu likiachwa lisimame lenyewe linaanguka. Mtu asishangae. Mafundi wengi wa samani za mianzi wako hivyo, wanawakalisha wenzao vizuri na wao wanakaa popote. Lakini Fundi huyu alikuwa na ugonjwa mwingine juu ya huo, nao ni kumwogopa kaka yake.

Simu ya kaka iliingia Jumapili asubuhi. Fundi alikuwa amechuchumaa akinywa chai, na alipoona jina likiwaka alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha shati, ndipo akapokea.

"Ndiyo, kaka. Shikamoo, kaka. Ndiyo. Leo? Karibu sana, kaka. Hapana, hakuna usumbufu wowote."

Alipokata simu aliendelea kusimama.

"Anakuja leo jioni," alimwambia mkewe. "Anakuja na yule mtu wa kuosha magari. Anataka kuuona uwanja kwa macho yake. Amesema akikuta kazi ipo, tutaendelea. Akikuta tunacheza, anampa yule."

Mkewe aliweka chini kisu chake cha kupasulia henzirani, ule mmea wa kusukia viti. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, lakini hati ilikuwa na jina la Kaka Mkubwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Fundi na mkewe walikaa humo pamoja na mama yake Fundi, mama mkwe wa huyu mke, na mbele ya nyumba, penye uwanja unaotazama barabara, ndipo walipofanyia kazi. Mume alikata mianzi na kuikunja kwa moto, akaunga fremu. Mke alisuka sehemu za kukalia na za kuegemea. Kabla ya kujifunza kusuka alikuwa anafua nguo za watu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, na kuitwa "wewe" na watoto wa miaka mitano. Alishajiapiza kwamba beseni la mtu hataligusa tena. Uwanja ukienda, beseni linarudi. Hilo alilijua bila kuelezwa na mtu.

"Basi vizuri," alisema. "Kazi ipo. Aje aione."

Kazi ilikuwepo kweli. Chini ya paa la mabati vilikuwa vimesimama viti vinne na kochi dogo, oda ya Mama Gesti, mwanamke mwenye nyumba ya wageni mtaa wa pili. Mianzi ilikuwa imechomwa ikapata rangi ya asali, na misuko ilikuwa imemalizika jana yake. Tatizo lilikuwa hali ya hewa. Wiki nzima mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mabati, jua halionekani.

Henzirani haisukwi kavu, inakatika. Inapasuliwa nyuzi nyuzi, inalowekwa kwenye pipa mpaka inalainika, inasukwa huku inachuruzika maji ya kahawia, kisha kiti kinaachwa. Ikikauka inajivuta yenyewe na kukaza, hata ukiipiga kwa kidole inalia. Lakini mtu akiikalia kabla haijakauka, imekwisha kazi. Inabonyea pale alipokaa na hairudi tena, uianike mpaka uchoke. Hiyo wala si siri ya ufundi. Kila aliyepata kukaa wiki moja kwenye uwanja ule alikuwa anajua, na mama mkwe alikuwa amekaa miaka na miaka.

Ndiyo maana mke hakuamini masikio yake aliposikia sauti ya mama mkwe kutoka mlangoni.

"Viingizeni ndani vile viti."

"Viti gani, mama?"

"Vile. Mwanangu anatoka kwake penye makochi ya ngozi, aje hapa akae kwenye plastiki iliyofungwa waya? Mbele ya mgeni wake? Mnataka anione mimi nimewekwa wapi?"

"Mama, vile vibichi. Vimesukwa jana."

"Nitavifuta kwa kitambaa."

Mke akamgeukia mumewe, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la fundi kulijibu. Fundi alitazama viti, akatazama benchi kule ndani, akajikuna shingo.

"Hatakaa sana," alisema. "Kaka ni mtu wa haraka. Na huenda asikae kabisa."

"Asipokaa, vya nini ndani? Na akikaa?"

"Mke wangu, siku moja tu. Usinitie aibu leo."

Wakavibeba. Mama mkwe alivifuta kweli, kwa bidii, mtu mzima mwenye akili zake, akikausha henzirani kwa juu kana kwamba anafuta meza. Sebule ilipendeza, huo ndio ukweli wenyewe. Vile vya plastiki vilifichwa nyuma ya nyumba.

*

Gari la Kaka Mkubwa lilipanda uwanjani na kusimama juu ya mianzi iliyokuwa imepangwa kwa ajili ya kazi ya kesho yake. Mmoja ulipasuka kwa mlio mkubwa. "Karibu, kaka, karibu," Fundi alisema, akikimbilia mlango wa gari.

Mke wa Kaka Mkubwa hakushuka. Alishusha kioo kiasi cha vidole kupita, akasalimia, akasema nje kuna unyevu na yeye ana kifua. Kaka mwenyewe alishuka, mtu wa mwili, suruali rangi ya maziwa imenyooshwa ikasimama. Nyuma yake akatoka mwembamba mmoja mwenye macho ya kupima. Huyo ndiye mwenye biashara ya kuosha magari, na mtaa mzima ulikuwa unamwita Bwana Povu. Kabla hajasalimia mtu alikuwa ameshaupima uwanja kwa hatua zake, huku na huku, midomo ikihesabu.

"Maji yanaingia upande gani?" aliuliza.

"Subiri kwanza," Kaka Mkubwa alimwambia. "Hatujafika huko."

Mke aliona nafasi. "Shemeji, shikamoo. Karibu chini ya bati uone kazi. Kuna fremu za mteja mwingine hapa, na henzirani ndiyo hii inalowekwa."

"Mwache mgeni apumzike," Fundi alisema. "Kaka, pita ndani."

Walipita ndani. Kaka Mkubwa alisimama katikati ya sebule, akageuza shingo taratibu. Sijui alitegemea kukuta nini, lakini uso wake ulilainika.

"Hivi viti vya nani?"

Hakuna aliyemlazimisha Fundi. Hakuna aliyemshikia kisu. Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa jepesi vilevile: vya mteja, kaka, na ni vibichi, msivikalie. Hata mtoto angeyatamka. Fundi akatabasamu meno yote nje.

"Vya kwetu, kaka. Tulijitengenezea."

"Kumbe mnaishi vizuri hivi, halafu kwenye simu kila siku kilio."

Akakaa. Kiti kilitoa sauti ndogo, ile ya nguo ikikamuliwa. Mke aliisikia akiwa mlangoni. Bwana Povu naye akachagua chake, akajitupa.

"Hiki kiti kina ubaridi," Kaka Mkubwa alisema, akijiweka sawa.

"Ndiyo ubora wa henzirani, kaka. Inapooza mwili."

"Kweli. Naisikia mpaka mgongoni."

"Mimi naisikia mpaka mapajani," alisema Bwana Povu.

"Ndiyo ile halisi," Fundi alisema.

Jamani, kuna uongo unaosikitisha na kuna unaochefua. Mtu aliyejifunza kazi tangu ujana, mwenye makovu ya moto wa mianzi kwenye viganja vyote viwili, alikuwa amesimama katikati ya sebule akiusifia unyevu. Na mama yake, kutoka kitandani kwake chumbani, mlango ukiwa wazi, anatikisa kichwa kukubali.

Mke alimimina chai haraka, akiwa na hesabu moja tu kichwani, kwamba wakinyanyuka upesi huenda misuko ikanusurika. Hakumimina mpaka juu. Mama mkwe akaona.

"Chai gani hiyo ya nusu kikombe? Mjazie mwanangu. Na mkate uongeze."

"Mama, shemeji amesema ana haraka."

"Sina haraka," Kaka Mkubwa alisema. "Leo Jumapili."

Akanyoosha miguu. Akaegemea. Akala mkate. Alisimulia habari za malori yake, habari za dereva mmoja mwizi, habari za sukari yake kupanda, na kila alipocheka mwili ulishuka kidogo ndani ya kiti. Mke alikuwa anatazama chini ya makalio ya shemeji yake, jambo ambalo mwanamke mwenye heshima zake hapaswi kulifanya, na aliuona msuko unashuka. Ulianza kama kisahani. Baadaye ukawa kama bakuli.

"Shemeji, giza likiingia uwanja hautauona vizuri," alijaribu tena.

"Mbona unawafukuza wageni?" Fundi alimwuliza, kwa ile sauti ya kuchekacheka ambayo waume huitumia mbele ya watu.

"Simfukuzi mtu."

"Amechoka," Fundi alimwambia kaka yake. "Kazi nyingi."

Kaka Mkubwa aliweka kikombe chini, akajipangusa midomo. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza kabla ya kutoa uamuzi, ili watu wote wapate nafasi ya kumtazama.

"Nitasema ukweli," alianza. "Nilikuja hapa nimeshakata shauri. Huyu bwana ana fedha yake mkononi, na mimi sioni faida ya uwanja uliojaa vipande vya mianzi. Lakini nimeingia, nimekaa, nimeona. Kumbe ndugu yangu ana kazi ya kujivunia. Sasa nikimwondoa, nitaonekana mtu gani? Bwana Povu, utanisamehe. Uwanja utabaki kwao."

Bwana Povu aliinua mabega. Fundi alishika mkono wa kaka yake kwa mikono yote miwili, na machozi yalimlengalenga. Mke naye, nisiwafiche, alisikia mwili wote umelegea kwa raha. Viti vilikuwa vimeharibika, alikuwa anaviona, lakini viti angevikata usiku ule na kuvisuka upya. Angemwomba Mama Gesti avumilie. Kwa uwanja ule alikuwa tayari kusuka mpaka vidole vitoke damu.

Kaka Mkubwa akanyanyuka.

*

Kiti kilinyanyuka naye kidogo, kisha kikamwachia. Katikati pale palikuwa pameingia shimo, na ukitazama vizuri lilikuwa shimo la pande mbili. Kaka Mkubwa alipeleka mkono nyuma, akajigusa, akautazama mkono. Halafu akageuka kujitazama, akizunguka kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, na hapo ndipo wote walipouona. Suruali ya rangi ya maziwa ilikuwa na madoa mawili makubwa ya kahawia, na ndani ya madoa msuko wote ulikuwa umejichora, pambo kwa pambo.

Bwana Povu alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyenyimwa kitu dakika moja iliyopita. Kisha akakumbuka kujipapasa na yeye, lakini suruali yake ilikuwa nyeusi.

Nje, kioo cha gari kilishuka chote. "Baba," mke wa Kaka Mkubwa aliita, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na aliona kila kitu, "umekaa kwenye nini?"

Kaka Mkubwa aliacha kujizungusha. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Umenikalisha kwenye maji."

"Kaka..."

"Unatengeneza viti vya namna gani? Tazama hiki. Nimekikalia mara moja tu kimekufa. Hii ndiyo kazi yenyewe?"

Hapa ndipo mtu angeweza bado kujiokoa. Fundi aliumeza ukweli kama dawa chungu, na alichokitoa badala yake ni hiki.

"Kaka, mimi natengeneza fremu tu. Fremu haina tatizo, itazame. Kusuka ni kazi ya mke wangu. Nilimwambia avikaushe."

Mke alikuwa ameshika birika. Aliliweka mezani, akajipangusa mikono kwenye kanga, bila haraka.

"Shemeji," alisema, "viti hivi si vyetu. Ni vya mteja. Nimevisuka jana, bado vibichi, na kiti kibichi hakikaliwi. Mume wangu alikuwa anajua. Mama alikuwa anajua. Na mimi nilikuwa najua. Hakuna aliyekwambia usikae, kwa sababu wote tunakuogopa. Basi. Kazi yetu ni nzuri, njoo wiki ijayo ukione kiti kikavu."

Mama mkwe ndiye aliyewahi kujibu.

"Mimi mambo ya viti sijui," alisema. "Niliambiwa nikae, nikakaa."

Alikuwa amekaa muda wote kwenye kitanda chake cha chumbani, akiwatazama kupitia mlango. Kiti kibichi hakukigusa hata kwa bahati mbaya.

"Kwa hiyo si vyenu," Kaka Mkubwa alisema.

"Si vyetu, shemeji."

"Mmenidanganya, halafu mkanilowanisha."

Katika maneno yote aliyoambiwa, hayo tu ndiyo yaliyomfikia. Watu wa namna yake husikia kile kinachohusu suruali yao, mengine hupita. Akamgeukia Bwana Povu, ambaye alikuwa ameacha kucheka na amekaa mkao wa biashara.

"Unaweza kuanza lini?"

"Hata kesho. Tanki la maji ninalo."

"Anza. Na utahitaji mtu wa kusimamia vijana wako. Mchukue huyu ndugu yangu, asije akafa njaa watu wakanisema."

Mke alimtazama mumewe. Hata wakati ule, baada ya kusingiziwa mbele ya watu, alikuwa bado anangoja kitu kutoka kwake. Neno lolote. Aseme tu kwamba yeye ni fundi, haoshi magari.

"Ahsante, kaka," Fundi alisema.

Kaka Mkubwa alitoka kinyumenyume mpaka kwenye gari, asionekane na majirani, na mkewe alimtandikia gazeti kwenye kiti chake cha ngozi.

*

Mke alivitoa viti nje, akachukua kisu, akaanza kukata misuko. Alikata vile vilivyokaliwa na akaviacha vingine. Fundi alikuja akasimama karibu yake.

"Ulitaka niseme nini?"

"Vibichi, msivikalie."

"Kwako rahisi. Si kaka yako."

"Ndiyo. Mimi ni mkeo tu."

Fundi alingoja mkewe aongeze, ili wagombane, na kwenye ugomvi apate pa kujitetea. Mke aliendelea kukata. Henzirani iliyokatwa ilianguka miguuni pake, na baada ya muda Fundi alikwenda kumsaidia mama yake kurudisha plastiki ndani.

Asubuhi mke alikwenda kwa Mama Gesti kumweleza. Msidhani alipokewa kwa huruma. Mama Gesti alimsikiliza akiwa anahesabu mashuka, akamwambia hadithi za mashemeji hazimhusu, yeye anataka viti. Lakini pale nyuma ya gesti palikuwa na kibaraza chembamba, kati ya jiko na kamba za kuanikia, na ndani ya gesti palikuwa na viti vya zamani vilivyotoboka. Akisuka vya zamani bila malipo, atumie kibaraza. Mke alikubali kabla yule mama hajamaliza sentensi. Alihamisha pipa lake, visu vyake na mizigo ya henzirani kwa mkokoteni, akiwaacha Bwana Povu na vijana wake wanachimba mtaro pale mianzi ilipokuwa.

Mashuka yenye maji yalimpiga usoni kila upepo ulipovuma. Wapishi walimpita wakimruka. Hakufua hata kitambaa, na hilo lilimtosha.

Fundi alipewa mabuti ya mpira na cheo. Kila aliyemuuliza, yeye alimwambia anaangalia biashara ya kaka, ingawa mwenye biashara ni Bwana Povu. Alikuwa anakaa kwenye kimoja cha vile viti vya plastiki, miguu ndani ya povu, na gari la Kaka Mkubwa lilipoletwa kuoshwa aliliosha mwenyewe, hakutaka kijana aliguse. Nyumbani walionana usiku, wakala, wakalala. Kuhusu viti hawakusema tena.

Jioni moja alimfuata mkewe kule kwenye kibaraza. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, suruali imelowa hadi magotini. Oda ya Mama Gesti ilikuwa imekwisha, viti vinne na kochi vimepangwa ukutani vikisubiri kuingizwa ndani. Fundi alivitazama kwa jicho la zamani.

"Vimetoka vizuri."

"Vimetoka."

"Mama anauliza habari zako. Anasema siku hizi huongei naye." Alisubiri. "Nilikuwa nafikiri, labda nikaseme na kaka. Hasira zake zimepungua. Juzi alinisalimia. Huenda akatupa kipande cha nyuma, kwenye choo pale, ukarudi kufanyia kazi nyumbani. Wewe unaonaje?"

Mke alipitisha uzi, akauvuta, akaufunga.

Siku ile Fundi alikuwa amesimama kutwa nzima, na miguu ilikuwa inamuuma. Alivuta kiti kilichokuwa karibu, akageuka ili akae.

"Kibichi hicho," mkewe alisema bila kuinua macho. "Usikikalie."

Fundi alisita, mgongo umeinama nusu. Kiti kile kilikuwa kimekauka tangu juzi. Msuko wake ulikuwa umekaza kabisa, na fundi wa miaka yote ile angekigusa kwa kidole kimoja tu angejua. Hakukigusa. Alikirudisha ukutani taratibu, akasema samahani, akabaki amesimama na mabuti yake mpaka mashuka yalipoanuliwa.